Uzoefu wangu: kusomea mtihani wa kidato cha nne kwa programu za akili mnemba

Ninazozipima hapa ni programu za mazungumzo za akili mnemba, zile unazoziandikia swali kwenye simu zikakujibu. Kazi niliyozipa ni moja tu: kuwaandaa wanafunzi wa kidato cha nne kwa mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wa Novemba. Kwa Kemia nazipa nyota nne kati ya tano. Kwa Kiswahili nazipa mbili, na hata hizo mbili zinahitaji usimamizi.

Kinachoamua kama zinasaidia au zinaharibu ni mpangilio wa kazi: kalamu kwanza, simu baadaye. Mwanafunzi anayeanza kwa kuomba jibu hulipata, hulisoma, huliona linaeleweka kabisa, na kesho yake hawezi kulirudia kwenye karatasi tupu. Kwa hiyo chagua swali moja kwenye pasti pepa, weka simu mbali, lifanye lote kwenye daftari hata kama unakwama katikati. Ndipo uandike hatua zako kwenye programu pamoja na agizo kama hili: “Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne Tanzania. Hizi ni hatua zangu. Usinipe jibu. Niambie hatua ya kwanza niliyokosea ni ipi, kisha niulize swali moja litakalonisaidia kuirekebisha, usubiri nijibu.”

Maneno “usubiri nijibu” ni ya lazima. Yakikosekana, programu inauliza na kujijibu papo hapo. Na hata yakiwepo, mazungumzo yakirefuka agizo la mwanzo hulegea na majibu kamili huanza kumwagika. Dawa yake ni kufungua mazungumzo mapya kwa kila swali na kubandika agizo upya. Lihifadhi mahali kwenye simu, usiliandike kila mara.

Kemia inafaa kwa sababu kosa lina mahali pake na linaonekana. Chukua hesabu ya titresheni: 25 cm³ za Na2CO3 ya 0.05 M zimehitaji 24.80 cm³ za HCl. Tafuta molariti ya asidi, yaani idadi ya moli kwa kila lita (M). Wengi huandika 0.0504 M. Hesabu yao haina kasoro isipokuwa wamesahau kuwa moli moja ya Na2CO3 hula moli mbili za HCl, kwa hiyo jibu ni mara mbili yake, 0.1008 M. Programu ikipewa hatua hizo huenda moja kwa moja kwenye uwiano na kumwomba mwanafunzi asawazishe mlinganyo kwanza. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi sabini hana nafasi ya kumfanyia hivyo kila mmoja, na hapa ndipo nyota zangu nne zinapotoka.

Faida nyingine ni lugha. Mtihani wa Kemia unaandikwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi hukwama kwenye maneno ya swali kabla hata hawajafika kwenye kemia yenyewe. Omba ufafanuzi kwa Kiswahili, uelewe, kisha jibu uliandike wewe kwa Kiingereza na uombe lisahihishwe sarufi tu, bila kuongezewa hoja. Ukiishia kwenye maelezo ya Kiswahili, chumba cha mtihani kitakushtua.

Tahadhari moja inahusu masomo yote: usiulize “una uhakika?” ukidhani unahakiki. Programu hizi zina tabia ya kumkubalia mtu. Ukionyesha shaka, jibu sahihi linaweza kugeuzwa kuwa la uongo, tena kwa kuombwa radhi kwa adabu nyingi. Hakiki kwa kitabu. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na NECTA huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha wapi watu walipotea na kwa nini. Uchambuzi huo ni hazina ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuifungua. Bandika aya yake kwenye programu, uombe maswali matano yanayopima makosa hayo hayo. Matano yanatosha, ukiomba ishirini, ya mwisho huwa marudio ya yale ya mwanzo.

Sasa Kiswahili. Hapa watu hudhani kazi itakuwa nyepesi kwa kuwa ni lugha yetu. Jaribu mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo wa shairi. Mshororo huu una mizani 16, nane kila kipande:

Mtoto shika kitabu, usome kwa taratibu.

Programu inaweza kukuambia 15, au 17, na kila idadi inatolewa kwa kujiamini kule kule. Chanzo kinajulikana: haisomi silabi. Hupokea maandishi yakiwa yamekatwa vipande visivyofuata silabi za Kiswahili, na mara nyingi husahau kwamba M ya “mtoto” inasimama peke yake: m-to-to, silabi tatu. Kwenye “mwalimu” hali ni tofauti, kwa sababu “mwa” ni silabi moja. Iagize ikate kila neno kwa vistari kwanza, kisha ihesabu. Makosa hupungua, ila hayaishi. Hesabu wewe kwa vidole, halafu itumie programu kulinganisha tu.

Vitabu teule ni hatari zaidi. Ukiuliza kuhusu wahusika wa tamthiliya au riwaya ya Kiswahili, unaweza kuletewa mhusika asiyekuwemo, mwenye jina linalosikika sawa na tabia zinazoaminika. Mwanafunzi akimpeleka mhusika huyo kwenye insha, msahihishaji anajua papo hapo kwamba kitabu hakikusomwa. Msimamo wangu hauna mjadala: usiulize kilichomo kitabuni. Soma sura, andika muhtasari wako, ubandike, kisha omba uulizwe maswali ya dhamira na ujumbe kutokana na muhtasari huo peke yake. Kwa matumizi hayo programu ni nzuri sana.

Picha ya swali ni rahisi kupiga lakini hudanganya. Kipeo husomwa kama tarakimu ya kawaida, 10⁻³ ikawa 103, na michoro ya saketi hufafanuliwa ovyo. Andika swali kwa mkono wako. Pia ujumbe wa maneno hula bando dogo kuliko picha.

Tangu Julai 2025 ChatGPT ina hali maalumu ya kusomea inayoongoza kwa maswali badala ya kumwaga jibu, na Gemini ilileta ya kwake Agosti mwaka huo. Ni msaada kwa anayeanza, ingawa hali ya namna hiyo huzimwa kwa kugusa mara moja, kwa hiyo mzazi asiitegemee kama mlinzi.

Kwa wazazi pia: masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na angalau miaka 13, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. Mtoto asiandike jina kamili, namba ya mtihani, wala kupiga picha ripoti ya shule. Kulipia si lazima. Toleo la bure lina kikomo, na ukikifikia utasubiri au utahamishiwa kwenye modeli ndogo yenye makosa zaidi. Ukifuata utaratibu wa kalamu kwanza, maswali matatu au manne kwa jioni, huwa vigumu kukifikia kikomo hicho.