Eti kama hela inanibana ningechukua Toyota IST

Wadau, hii gari nilitaka kuiandikia mazuri tangu zamani, maana kusema ukweli inakimbia, ila yaliyonikuta gereji juzi kati yamenivuruga kabisa. Ni sedani ya Kijerumani, silinda sita na tabo, imetokea Japani, kampuni siitaji maana sitaki maneno na mtu, wenye nayo mtaijua humu humu. Habari za nguvu na spidi kaangalieni wenyewe, mi naongelea hela.

Hizi gari pampu ya maji haizungushwi na mkanda kama tulivyozoea, ina mota yake ya umeme na kompyuta ndo inaipangia izunguke kiasi gani. Ubaya wake haiagi. Haivuji kitu, hailii, mshale wa joto la maji kwenye dashibodi hamna kabisa, unashtukia taa ya njano, mara nyekundu. Yangu ilinifanyia hivyo Mlandizi natokea Morogoro, nikapaki pembeni chap maana ukilazimisha silinda hedi inapinda, nikaita bredauni ikanivuta mpaka Dar. Hapo wala sijanuna. Pampu hizi zinajulikana kufa, ni kitu cha kubadilisha tu, japo bei yake uisikie umekaa.

Hasira inaanzia gereji. Wanajiita wataalamu wa magari ya Ulaya, ofisi ina eisi na sofa, kijana akafungua boneti akashika mpira wa rejeta akasema themostati hiyo, yaani ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya injini. Nikamwambia kaka hata mashine ya kupimia hujachomeka umejuaje, akanijibu uzoefu. Na mnajua walichofanya? Waliifungua themostati wakang'oa utumbo wote wa ndani wakarudisha ganda tupu, eti Dar joto haina kazi, halafu wakajaza maji ya bomba! Jamani. Kwenye hizi injini themostati nayo ina umeme, ukiwa unaenda taratibu kompyuta inaacha maji yapande makusudi mpaka kupita nyuzi 100 ili gari ile mafuta kidogo, sasa ukiitoa unaiachia kompyuta kazi ya kubahatisha, taa ya injini lazima iwake. Na maji matupu bila kulanti, ile dawa ya kupoozea injini, yanakula aluminiamu ndani kidogo kidogo. Hayo kafanyeni kwenye Corolla ya mwaka 1990.

Nikalipa, nikaondoka, Ubungo haikufika. Ikachemsha tena.

Nikarudi kwa bredauni nyingine, safari hii akatoka mwenyewe bosi, simu mkononi, hata salamu hakuna. Ooh rejeta, ooh feni, ikibidi tubadilishe kompyuta. Nikasema bosi naomba mpime kwanza ndo mniambie. Akacheka, wateja wamekaa pale wanasikia, akasema, "Kaka hizi gari sio za kila mtu, kama hela inakubana ungechukua IST."

IST! Yaani mimi nimelipia ushuru wa hili gari bandarini, nimelipia kazi yao ya hovyo, nimelipia bredauni mbili, halafu mtu aliyenitobolea themostati ananipangia gari la kununua. Na IST ina kosa gani kwani, dada yangu anayo na hajawahi kukaa kwenye sofa la mtu kusubiri kutukanwa.

Nikaihamishia kwa fundi mmoja hana hata bango, ana laptop na mwembe. Alichomeka akasoma, akaiamuru pampu izunguke kutoka kwenye laptop, kimya. Basi, kwisha kazi. Huyo ndo kanifundisha boliti za hiyo pampu ni za aluminiamu, ukishazifungua unatupa unafunga mpya, na kutoa hewa hukai unamimina maji na chupa ya Kilimanjaro, unafungua swichi bila kuwasha injini, hita unapandisha mwisho, unakanyaga mafuta kama sekunde 10, pampu inajizungusha yenyewe dakika 12 hivi. Pampu mpya ya Pierburg na themostati mpya (ile si walishaiua) vimekula zaidi ya milioni. Used za Sharjah kule Uarabuni zipo kwa bei ndogo ila siwezi kununua mota ambayo sijui imezunguka miaka mingapi.

Kwa hiyo nilikuwa naandika hapa msinunue. Na ushahidi upo, BMW wenyewe (haya, nishaitaja) mwaka 2010 waliyaita magari kibao Marekani sababu ya pampu ya mafuta ya presha kwenye injini yao ya N54, na hayo yalikuwa bado mapya, sembuse haya yetu ya mkono wa pili. Lakini wikiendi nimetoka nayo kwenda Chalinze, nikapita lori moja baada ya Mlandizi pale pale iliponilaza, nikajikuta nacheka peke yangu. Toyota Crown inakupa starehe sawa, haikupi vile.

Nunua, ila mpate huyo fundi kabla ya gari, na weka pembeni hela ya kutosha. Gari naipa nyota nne. Au tatu, maana leo asubuhi nimeona tone la oili chini na naijua hiyo ni gasketi ya nyumba ya filta ya oili. Gereji ya sofa sifuri, na hela ya themostati yangu nawadai mpaka kesho.