Groot Constantia: anzeni na ile nyumba, waini baadaye

Mimi ni weita Malindi, mwaka wa tisa huu nawamiminia Waitaliano waini na mzabibu wenyewe sijawahi kuuona. Basi dadangu anayekaa Cape Town aliponiita Februari nikamwambia kabla ya yote nipeleke Groot Constantia, shamba la waini la huko.

Shamba liko kwenye mtelemko wa mlima, la tangu 1685, alipewa gavana wa Waholanzi Simon van der Stel, na ukisimama juu kule unaiona bahari. Nilidhani mzabibu ni mti mkubwa, kumbe wanifika kifuani tu, umefungwa kwenye waya mistari kwa mistari, na zabibu zina kiungaunga cheupe ukizigusa kinabaki kidoleni.

Tulionja glasi tano. Ile tamu, Grand Constance, ndo imeniingia: zabibu zinaachwa mtini mpaka zinyauke, sukari inajikusanya, ndo zinakamuliwa, manake ni nzito inanata midomoni kama asali. Napoleon, yule mfalme wa Wafaransa, alikuwa akipelekewa waini ya Constantia kule kisiwa cha St Helena alikofungwa. Kwetu mnazi ukigemwa asubuhi jioni ushakuwa mkali, ukikaa zaidi ni siki, hii watu wanaiweka miaka na miaka na bado wanaigombania. Haya yote nilikuwa nawaambia wageni kwa kusoma mgongo wa chupa tu!

Lakini jamani ile nyumba kuu ya shamba. Dada alitaka tuipite kwa sababu jua lilikuwa kali, nashukuru nilikataa. Ni nyeupe, paa la nyasi, iliungua 1925 ikajengwa tena, sasa ni makumbusho. Makabati na vyombo vya kauri niliviangalia juujuu, kilichonishika ni habari za watumwa, manake shamba hili watumwa ndo walililima, na huko Cape waliletwa wengine kutoka Msumbiji na Madagaska, yaani bahari hiihii yetu. Nikakumbuka na Malindi karne ya 19 mashamba ya mtama yalilimwa na watumwa vilevile. Nilisimama pale kitambo, dada akawa ananivuta mkono.

Kwa hivyo ndugu zangu wa mahotelini mkienda ingieni ile nyumba kwanza mkiwa na akili timamu, halafu ndo glasi. Na bebeni sweta hata kama ni kiangazi, upepo wa kule si mchezo.