Kibao cha Jina la Mtoto: Kipi Ununue, Kipi Uache

Kibao cha jina, chenye herufi za mbao zinazochomolewa na kurudishwa kila moja mahali pake, kimekuwa zawadi inayopendwa sana kwenye arobaini za watoto na sherehe za kuzaliwa. Mtoto hukipokea kabla hajaijua herufi hata moja, na jambo la kwanza atakalolifanya ni kuitia mdomoni. Kwa sababu hiyo nimevipanga vibao hivi kwanza kwa usalama, kisha kwa jinsi herufi zinavyokaa katika nafasi zake, na uzuri wa rangi nimeuweka mwisho.

Nafasi ya kwanza ninakipa kibao cha mninga kilichochongwa na fundi wa karibu, kikapigwa msasa hadi kingo zote zikalainika, kisha kikapakwa nta ya nyuki bila rangi wala vanishi. Mninga hausinyai wala kuvimba kama mbao nyingine nyingi, na sifa hiyo inayowafanya maseremala waupende kwa milango na makabati ndiyo inayotakiwa hapa. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, mbao isiyotulia huvimba msimu wa masika, herufi zikang'ang'ania, na mtoto aliyekuwa akizichomoa kwa raha akaishia kulia. Kipande kinachotosha jina zima hupatikana katika mabaki ya karakana za samani, kama zile za Keko jijini Dar es Salaam, na herufi ikipotea fundi yuleyule anaweza kuchonga nyingine. Kasoro yake ni uzito, basi omba kitako, yaani ubao wa chini unaobeba herufi, kiwe chembamba.

Plaiwudi iliyokatwa kwa leza inafuata kwa karibu, na kwa majina fulani ningeitanguliza. Chukua jina Halima, lenye "a" mbili. Msumeno wa mkono hautoi herufi mbili zinazolingana kabisa, hivyo kila "a" hukubali shimo lake pekee, na mtoto aliyeweka "a" mahali ambapo "a" inastahili kuwa huona imekataa. Anafunzwa kwamba amekosea, hali amepatia! Leza hukata zote mbili sawasawa. Hata hivyo, leza huunguza kingo na kuacha masizi, kwa hiyo sugua ukingo wa herufi kwa kitambaa cheupe chenye maji, na kitambaa kikiwa cheusi mrudishie muuzaji aupige msasa upya.

Vibao vinavyoagizwa Ulaya au Marekani nimeviweka nafasi ya tatu. Alama ya CE huonyesha kwamba mtengenezaji ametangaza kuwa bidhaa yake inatimiza masharti ya usalama ya Umoja wa Ulaya, na hilo si jambo dogo. Tatizo ni majina yetu: wauzaji wengi huweka kikomo cha idadi ya herufi, na Mwanahamisi ana herufi 11.

Cha mwisho ni kibao cha MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, chenye rangi nzito za kung'aa, nacho sikipendekezi kwa mtoto anayetafuna vitu. Nilikinunua kimoja sokoni kwa sababu kilikuwa rahisi. Haikupita muda, ukingo wa herufi ya kwanza ulikuwa umevimba kwa mate kama mkate uliochovywa kwenye chai, na rangi nyekundu ilikuwa ikibanduka kwa ukucha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza madini ya risasi, ambayo ni sumu, katika rangi yasizidi sehemu 90 kwa milioni, lakini kiasi hicho hakionekani kwa macho, na muuzaji asiyeijua rangi aliyoitumia hawezi kukuhakikishia lolote.

Vyovyote utakavyochagua, pima ukubwa. Kipande kinachoingia chote katika bomba la kupimia vipande vinavyoweza kumkaba mtoto, lenye upana wa milimita 31.7, hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani, tumia bomba la karatasi ya chooni, ambalo ni pana kidogo na hivyo ni kali zaidi. Itazame hasa nukta ya "i" na ya "j": iwe imeungana na herufi yake au imechorwa kwenye kitako, kamwe isiwe kipande cha peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa kile kikato cha juu katika "ng'", na kwa vishikio vilivyogundishwa juu ya herufi, ambavyo hung'oka. Agiza herufi kubwa mwanzoni tu na nyingine ziwe ndogo, kama mtoto atakavyoliandika jina lake shuleni.

Kabla msumeno haujagusa mbao, mwombe fundi akutumie picha ya mchoro kwa simu, uilinganishe na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, kwa kuwa Zainab na Zainabu hutamkwa karibu sawa lakini mashimo yake si idadi moja.