Unasihi wa kunyonyesha kwa mama wenye umri mdogo: kituo kimoja cha afya karibu na Wete

Nilimsindikiza mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 17, katika kituo cha afya kilicho nje kidogo ya mji wa Wete, kisiwani Pemba, ambako kila Alkhamisi asubuhi hutolewa unasihi wa kunyonyesha. Alikuwa na siku 9 tangu ajifungue, chuchu zimechubuka, na nyumbani tulikwisha kuanza kumpa mtoto maji ya sukari kwa kuamini kwamba mwili wa msichana mdogo hauna maziwa ya kutosha.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba muuguzi hakuanza na mimi. Nilipotaka kueleza, aliniambia kwa adabu, "Bi mkubwa, tumsikilize kwanza mwenye mtoto," na binti, ambaye nyumbani alikuwa hana kauli ila kilio, akaeleza yote mwenyewe. Hakuulizwa habari za harusi. Muuguzi alimtazama akinyonyesha, akaona kuwa mtoto anashika ncha ya chuchu tu, akamwonyesha namna ya kumsubiri apanue kinywa, kisha amsogeze hadi kidevu kiguse titi na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie kinywani. Maumivu yalipungua pale pale. Alitufahamisha kwamba maziwa huongezeka kadiri mtoto anavyonyonya, kwa hiyo yale maji ya sukari ndiyo yaliyokuwa yakiyapunguza, na kwamba mpaka atimize miezi 6 mtoto hahitaji kitu kingine, hata maji. Supu ya pweza, ambayo kwetu huaminiwa kuongeza maziwa, hakuibeza. Alisema binti anywe na ale vizuri, kwani naye bado anakua, lakini supu haishiki nafasi ya kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana.

Kwa kuwa Zanzibar imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi skuli tangu mwaka 2010, alimfundisha pia kukamua kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe, si kwa chupa.

Hata hivyo, chumba hicho hicho ndicho cha chanjo, na hakina pazia. Msichana aliyekwisha kusemwa na mtaa mzima hafungui kifua mbele ya foleni, na wawili niliwaona wakiondoka bila kuhudumiwa. Tena asubuhi ya Alkhamisi ni wakati wa masomo; siku moja ya jioni ingewafaa zaidi hao waliorudi skuli. Anayekwenda afike kabla ya saa 2 asubuhi, watu wa chanjo hawajajaa.