Banda la sungura la 180,000: mbao safi, waya haufai

Nimekaa na banda hili miezi kumi na moja, limepigwa na mvua za masika na jua la Februari, kwa hiyo naandika nilichokiona mwenyewe.

Niliagiza kwa fundi seremala wa kando ya barabara hapa Moshi, shilingi 180,000, usafiri juu yangu. Ni la sungura wawili wa wanangu, Pamba na Kahawia. Si wa kitoweo, na fundi nilimwambia hivyo tangu mwanzo ili ajue nataka banda la kuishi.

Kwenye mbao kafanya kazi nzuri sana. Banda lina urefu wa futi sita na limesimama juu ya miguu minne inayofika kiunoni kwangu. Upande mmoja ni chumba kilichozibwa, upande wa pili uko wazi kwa waya, na hivyo ndivyo sungura anavyotaka, maana akishtuka lazima apate giza la kukimbilia. Paa la bati limetokeza mbele vya kutosha, mvua yote ya Aprili haikuingia hata tone. Chini kuna bati la kuvuta kama droo, kinyesi nakimwaga kwenye migomba.

Kilichoniumiza ni waya. Aliweka waya wa kuku, ule mwembamba wa matundu ya pembe sita. Nilipouliza akasema, "Mama, wote wanaweka huu." Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Waya ule unamzuia kuku kutoka, lakini mbwa haumzuii kuingia. Wiki ya tatu, usiku, nikasikia kishindo: sungura akiona hatari hupiga sakafu kwa mguu wa nyuma. Nikatoka na tochi. Waya wa kona ulikuwa umepindwa umechomoka kwenye misumari, na manyoya meupe yamenasa kwenye ncha zake. Pamba alikuwa amejibana kwenye chumba cha ndani, mchubuko begani, moyo ukimwenda mbio mpaka ngozi inatikisika. Mbwa nilimwona mkia tu. Sungura anaweza kufa kwa mshtuko hata asipong'atwa, kwa hiyo nilikaa naye gizani mpaka pumzi ikatulia.

Fundi nilipompigia asubuhi hakubisha. Alikuja siku hiyo hiyo. Waya nilinunua mimi, ule mgumu uliochomelewa, matundu ya nusu inchi, kama wanaotandika kwenye meza za kuanikia kahawa. Akaubana kwa vipande vya mbao badala ya misumari mitupu, akatoa kile kindoano cha mlangoni akaweka komeo. Kwa kazi hiyo hakunitoza hata shilingi, na nampa heshima yake.

Mengine nimemalizia mwenyewe. Siafu wa masika wanaweza kummaliza mnyama aliyefungiwa usiku mmoja, hivyo kila mguu wa banda nimeusimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu. Babu jirani ndiye aliyeniambia na majani yanayogusa banda niyafyeke, kwa sababu siafu huyageuza daraja. Bati nalo likipigwa na jua ni tanuri. Sungura hatoki jasho, joto anapunguzia masikioni, na likizidi nyuzi 30 anateseka kweli. Nimelihamishia banda chini ya mwembe, juu ya bati nimelaza majani ya migomba, na mchana wa joto kali nawawekea chupa ya maji yaliyoganda niliyoivika kipande cha khanga. Kahawia huinyooshea ubavu wake wote, anafumba macho.

Kwa sakafu, usikubali waya mtupu, unachubua nyayo. Mdai fundi kipande cha mbao cha kupumzikia.

Kwake nitarudi, na nimesharudi. Wiki iliyopita mganga wa mifugo amemgeuza Kahawia akatuambia ni dume, na Pamba ni jike. Mimba ya sungura ni kama siku 31 tu. Banda la pili limeshaanza kupigwa randa. Waya nilimpelekea mwenyewe, siku ile ile niliyotoa malipo ya awali.