OGS kwa anayeanza Go: ni nzuri, ila angalia mwisho wa mchezo

Kwa anayetaka kujifunza Go, mchezo wa ubao wa watu wawili wanaogombea eneo kwa kulizingira kwa kete, na hana ubao wala mwenzake wa kucheza naye, tungempeleka kwanza kwenye tovuti ya Online-Go.com, maarufu kama OGS. Ni bure, na inafunguka kwenye kivinjari cha simu au kompyuta bila kupakua chochote.

Masomo ya mwanzo ni mazuri kwa sababu kete unaiweka mwenyewe. Kete ya katikati ina pumzi nne, yaani nafasi tupu zilizo jirani nayo kwenye mistari, ya pembeni tatu, ya kona mbili. Mpinzani akiziziba zote, imeliwa. Hilo linaingia kichwani upesi. Macho mawili, yaani matundu mawili yanayolifanya kundi lisiliwe kamwe, yanachelewa kuingia. Hapo rudia mafumbo tena na tena.

Kisha cheza kwenye ubao wa mistari 9 kwa 9. Ubao huo una makutano 81 ya mistari, ambako kete huwekwa, wakati ule mkubwa wa 19 kwa 19 una 361, na wanaoukimbilia ule mkubwa hupotea katikati wasijue hata wanagombea nini.

Wengi hukwama mwishoni. Wote wawili mkishapisha zamu, mfumo hupendekeza kete zipi zimekufa, yaani haziwezi tena kuepuka kuliwa, na eneo lipi ni la nani, halafu kila mmoja anatakiwa akubali. Usibonyeze haraka! Kagua kundi moja moja. Lililowekewa alama isiyo sahihi liguse libadilike, na mkibishana rudini mchezoni mmalizane ubaoni. Kabla hujapisha, fuata mpaka wako kwa macho hadi ukingoni kabisa, kwani tundu moja kwenye mstari wa kwanza linatosha kumwingiza mpinzani ndani. Lakini usijaze eneo lako bila sababu: kwa kanuni za Kijapani, kila kete unayoiweka humo bure inakula pointi yako moja.

Kwenye simu tatizo ni udogo wa ubao. Kidole kinateleza, kete inatua makutano ya jirani, na kuirudisha ni mpaka mpinzani aridhie. Ingia kwenye mipangilio, uwashe kitufe cha kuthibitisha hatua kabla haijatumwa. Mwenye bando dogo achague michezo inayompa siku kadhaa kwa kila hatua: anaingia, anaweka kete moja, anatoka.