Rejeta: kulanti au maji ya kisima?

Kwa gari la Tanga, kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) inashinda, ingawa maji matupu hubeba joto vizuri zaidi. Tatizo ni chumvi: maji ya visima vya karibu na bahari hula alumini ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) na kuacha magamba yanayoziba mirija ya rejeta. Kulanti, nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, huzuia kutu na huchemka kwenye nyuzi 107 hivi, si 100. Ukipanda Mombo hadi Lushoto utaziona faida zake.

Maji ni ya dharura tu. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, egesha, zima injini, ngoja nusu saa au zaidi ndipo ufungue kifuniko cha rejeta. Ukimimina maji baridi injini ingali moto, hedi inaweza kupasuka.